MAZUNGUMZO YA UJIRA BAINA YA MWAJIRI NA MWAJIRIWA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyegawa riziki baina ya waja Wake, huyu akawa mwenye kuajiri na yule akawa mwenye kuajiriwa, na wote wawili wakawa ni waja Wake wenye kumhitaji. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nanyi wanafunzi mlioko skulini na vyuoni.

Kila mwenye kuhudhuria Ijumaa amekwisha kusikia, tena si mara moja wala mbili, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hiyo watoto wetu wameihifadhi. Lakini kabla ya fedha kutoka mkononi kuna jambo linalotangulia, nalo hatulizungumzi sana juu ya mimbari. Ni ile saa ambayo mfanyakazi anasimama mlangoni mwa mkuu wake, au mbele ya meza ya duka, anavua kofia yake, anatazama chini, kisha anasema: "Mzee, nina neno." Mkuu naye anajua ni neno gani. Na tangu hapo, kabla ya shilingi moja kutajwa, ama haki itasimama ama itaanguka. Leo tumekusudia kusema juu ya saa hiyo, na maneno yetu tunayaelekeza zaidi kwa wale waliopewa mamlaka juu ya ujira wa watu: wenye maduka na mashamba, manahodha, wakuu wa idara, wasimamizi wa viwanda, wanakamati wa misikiti na madrasa, na mama wa nyumba aliyemwajiri msichana wa kumsaidia kazi.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Surat al-Qasas mazungumzo ya ujira tangu mwanzo hata mwisho, na aghalabu sisi huisoma sura hiyo kwa ajili ya habari za Firauni tukapita pale haraka. Nabii Musa (A.S.) aliikimbia Misri akiwa hana kitu. Akafika kwenye maji ya Madyan, akawakuta wachungaji wanawanywesha wanyama wao, na wanawake wawili kando wamewazuia wanyama wao wasiende. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini akamwomba Mola wake, naye ni mhitaji wa kheri yoyote. Hakuwadai wale wanawake kitu. Hakutaja ujira kabisa.

Basi angalieni alivyofanya mzee wa Madyan. (Wafasiri wamekhitalifiana kama mzee yule ndiye Nabii Shuaibu au ni mtu mwingine, khitilafu hiyo haitudhuru hapa.) Aliposikia habari, hakungoja Musa aje kudai. Hakusema moyoni mwake kwamba huyu ni mgeni, ni mkimbizi, amefanya kwa hiari yake na hakuna mapatano. Alimtuma binti yake, naye akaja akitembea kwa haya, akamweleza kwamba baba yake anamwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Mwajiri ndiye aliyemwita mwenye haki, na neno la ujira likatajwa wazi tangu mlangoni, wala halikufichwa ndani ya maneno ya ukarimu. Ni wangapi kwetu wamefanyiwa kazi ya siku nzima wakaaga kwa chai na mkate, wakadhani wamekwisha kulipa?

Kisha mzee akamsikiliza. Musa akamsimulia khabari zake zote, na mzee akamtuliza kwamba asiwe na hofu. Utulivu ulikuja kwanza, mapatano yakafuata. Na hili twataka mlishike, enyi mnaosimamia watu: mtu mwenye hofu hawezi kupatana nawe. Atakubali lolote, kisha atalichukia kwa miaka.

Mmoja wa wale mabinti akasema neno lake, kwamba baba amwajiri mtu huyu, kwani aliye bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hapo mzee akataja masharti: miaka minane ya kazi, na kama Musa atatimiza kumi basi hiyo miwili ya zaidi ni hisani itokayo kwake mwenyewe. Akaongeza kwamba hataki kumtia taabuni. Musa akajibu kwamba hayo ni baina yao wawili, na muda wowote atakaoutimiza katika miwili hiyo asionewe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wa wayasemayo.

Kila kitu kimo humo. Kiasi kimetajwa. Lililo wajibu limetengwa na lililo hiari, ili mwakani mtu asije akaambiwa kwamba hisani yake imekuwa deni. Mwenye nguvu ametamka kwa ulimi wake kwamba hakusudii kumwelemea aliye dhaifu. Naye aliye dhaifu amepewa nafasi ya kusema sharti lake, kwamba asionewe, wala hakuonekana kuwa hana adabu kwa kulisema. Na Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu kwamba alitimiza ulio mrefu zaidi. Aliyeambiwa ukweli mwanzoni alitoa zaidi ya alichodaiwa.

Sasa tujitazame sisi. Mtu huja kutafuta kazi, akauliza ujira, nasi tukamjibu: "Wewe anza kazi tu, hatutashindwana." Maneno matamu haya! Lakini mwisho wa mwezi hushindwana, tena kwa sauti kubwa, na majirani wakasikia. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kumwajiri mtu mpaka abainishiwe ujira wake. Na katika Surat al-Baqara, Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandika madeni. Deni la mfanyakazi ni deni kama la mwenye duka. Sheria za serikali zetu nazo zimelekea huko huko: Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyohesabiwa, na Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina sharti la namna hiyo. Muislamu haifai asubiri mkaguzi wa kazi amfundishe jambo ambalo Kitabu chake kimemfundisha.

Tuje kwenye lililo zito zaidi, nalo ni majibu yetu pale mfanyakazi anapoomba nyongeza. Yako majibu matatu ambayo tumeyasikia mno, na tumeyasema.

La kwanza ni kumwambia kwamba wako wengi nje wanaoitaka kazi hii. Huenda ni kweli, lakini hakuuliza idadi ya watu walioko nje. Ameuliza juu ya kazi aliyoifanya ndani. Jibu hilo ni kitisho kilichovaa kanzu ya habari. La pili ni kumwambia: "Wewe ni kama mwanangu, mbona tunahesabiana?" Na huyo mwana wa kweli analala wapi, na anakula nini, na skuli anasoma ipi? Udugu ukitajwa wakati wa kulipa tu, na usitajwe wakati wa kugawa, huo ni mtego. Mtume (S.A.W.) alipowaeleza watu, kwa mapokezi ya Abu Dharr (R.A.), kwamba waliowekwa chini ya mikono yao ni ndugu zao, alitaja papo hapo wale wanachokula na wavae wanachovaa, wala wasikalifishwe wasiloliweza, na wakikalifishwa basi wasaidiwe. Na hayo yalisemwa juu ya watumwa, katika zama zile. Sembuse mtu huru aliyekuja kwako kwa mapatano?

La tatu ndilo linalotuuma sisi wenyewe, na hatuna budi kulisimulia.

Tulikuwa katika kamati ya madrasa moja, mahali hatutapataja. Maalim alikuwa kijana mwenye sauti njema na subira kubwa, akisomesha watoto kuanzia Alasiri mpaka karibu na Isha. Usiku mmoja baada ya Sala alibaki nyuma, akakaa mkao wa adabu, akasema: "Wazee wangu, nina neno dogo." Akaeleza kwamba mtoto wa pili amezaliwa, na dukani anadaiwa, na kama ingewezekana aongezwe kidogo. Nasi tukamjibu nini? Tukamwambia kwamba kazi yake ni ya Akhera, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na atazame malipo ya huko asitazame ya hapa. Akainamisha kichwa, akasema, "Inshallah, wazee wangu," akatoka. Katika kikao kile kile tulikuwa tumekwisha kupitisha fedha za zulia jipya. Zulia la zamani lilikuwa bado zima.

Mfungo wa Ramadhani ukapita. Mfunguo Mosi, madrasa ilipofunguliwa, Maalim hakuja. Tukamtafuta, tukamkuta sokoni akimuuzia nazi mtu mwingine. Tukamnasihi arudi, tukamtajia nyongeza kubwa kuliko ile aliyoiomba. Akatusikiliza kwa heshima, akatuagizia kahawa, kisha akasema: "Wazee wangu, lau mngaliniambia hamna, ningalikaa." Hakurudi. Watoto wale walikaa muda mrefu bila ya mwalimu, na wengine wao leo ni watu wazima wasioweza kusoma juzuu moja sawasawa.

Ndugu zetu, yale tuliyomwambia juu ya Akhera yalikuwa ni kweli. Kosa letu ni kwamba tuliitumia Akhera kufungia mlango wa dunia ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwetu. Anayefaa kusema kwamba ujira wangu uko kwa Mwenyezi Mungu ni mfanyakazi mwenyewe, kwa hiari ya moyo wake. Mwajiri hana ruhusa ya kumsemea.

Na wala asidhani mtu kwamba kuomba nyongeza ni upungufu wa imani. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Alipopewa ukhalifa alibeba nguo zake akaelekea sokoni kama kawaida yake, mpaka alipokutana na Umar na Abu Ubaida (R.A.), wakamweleza kwamba sasa amebeba mambo ya Waislamu, basi apangiwe posho katika Hazina. Ibn Sa'd ameleta mapokezi kwamba alipopangiwa, Abubakar aliwaomba wamzidishie, kwa kuwa ana watu wa kuwalisha na wao wamemshughulisha akaacha biashara yake. Nao wakamzidishia dirhamu 500. Huyo ndiye Siddiki! Aliomba kwa sababu mbili, zote za kweli, na hakuambiwa na yeyote kwamba hana shukrani. Basi kibarua wako akija na sababu hizo hizo, watoto na muda wake unaouchukua wewe, ana mtangulizi mwema.

Huenda mwajiri akasema: "Sheikh, maneno yako ni mazuri, lakini fedha hazipo." Nasi twakubali kwamba mara nyingine hazipo. Biashara hudorora, ruzuku huchelewa, karafuu huanguka bei. Hapo inatakiwa kweli, tena ya wazi. Mwite mtu wako faraghani, si mbele ya wenziwe. Mketishe, usizungumze naye huku ukihesabu mali au ukiitikia simu. Mwache amalize maneno yake, kwani huenda aliyoyaandaa ameyaandaa kwa usiku mzima. Kisha kama huna, sema huna, na kama waweza kumwonyesha daftari, mwonyeshe. Kama unacho nusu, taja nusu. Kama ni baada ya msimu, taja mwezi, na mwezi huo ukifika mwite wewe, usingoje avue kofia mara ya pili. Usiseme "nitaangalia" ilhali hukusudii kuangalia. Neno hilo humtuma mtu kukopa kwa kutumaini lisilokuja, na ahadi ya namna hiyo utaulizwa.

Na ikiwa sababu ya kumnyima ni kazi yake, kwamba anachelewa au anaharibu, hilo nalo ni haki aambiwe, kwa upole na kwa mifano, apate kujirekebisha. Wengi wetu huona haya kulisema. Tukasingizia uchumi, na kesho yake akamwona mwenziwe ameongezwa. Basi ukweli uliofichwa kwa ajili ya haya ukawa uongo uliodhihiri, na baina ya watu wawili waliokuwa wakila sinia moja ukaingia uhasama.

Katika Sira liko jambo lililotupendeza. Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku na Abu Tayba, akampa ujira wake wa chakula kwa pishi, na hakuishia hapo: alisema na mabwana wa Abu Tayba wampunguzie kile walichokuwa wakimtoza katika pato lake. Basi msimamizi ambaye hana mamlaka ya kuongeza mshahara bado ana ulimi. Mnyapara, karani, mkuu wa idara, asiseme kwamba "mambo ni ya wakubwa huko juu" kisha akanawa mikono. Apande huko juu akamsemee mtu wake, kisha arudi amweleze alilojibiwa, zuri au baya.

Wako pia wanaolalamika kwamba wafanyakazi ni wezi: sukari inapungua, mafuta yanapungua. Sisi hatuhalalishi wizi. Lakini Imam Malik amesimulia katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib walimwiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzaina wakamchinja. Sayyidna Umar (R.A.) aliazimia kuwatia adabu ya wizi, kisha akahisi kwamba bwana wao anawaacha na njaa. Akamgeukia bwana. Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake, akaambiwa kwamba alikataa kumuuza kwa dirhamu 400, basi akaamuru bwana alipe 800. Mwenye duka na atafakari ni nani angaligeukiwa na Umar lau angaliingia dukani mwake leo.

Na pwani yetu yenyewe ina ushahidi wa nini hutokea pasipokuwa na mtu wa kusikiliza. Mwezi wa Januari 1947, Mombasa, makuli wa bandari, watu wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa siku 12, wakikusanyika kila siku katika kiwanja cha Majengo walichokiita Kiwanja cha Maskini. Baadaye serikali ya kikoloni iliunda baraza la kuamua, na ujira ukapandishwa. Fedha zile zilikuwapo tangu mwanzo; wa kumsikiliza kuli ndiye hakuwapo.

Nanyi mnaofanya kazi, tuna neno kwenu, ingawa fupi. Ombeni kwa kutaja kazi mliyoifanya na haja mliyonayo, na msiseme uongo juu ya ujira wa mtu mwingine ili kumbana mkuu wenu. Na mkikataliwa kwa ukweli, msiulipize katika kazi, kwani mapatano yangali yanakufungeni mpaka mtakapoyavunja kwa njia yake.

Imesalia habari ya wale watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake. Mmoja wao alikuwa mwajiri. Alikuwa na kibarua aliyeondoka bila ya kuchukua ujira wake, nao ulikuwa kipimo kidogo cha nafaka. Yeye akaupanda, akauzalisha, mpaka ukawa ng'ombe na mchungaji wao. Kibarua aliporudi kudai, akaonyeshwa ng'ombe. Akadhani anachezewa! Akamsihi asimfanyie mzaha. Zingatieni unyonge wa mtu yule: amezoea mno kunyimwa, hata haki yake ilipokuja kamili aliiona ni dhihaka. Mwajiri akamhakikishia, naye akawachukua wote. Na kwa amali hiyo, pamoja na zile za wenziwe, jabali likasogea wakatoka.

Leo tutakaporudi majumbani, yuko msichana atakayetuandalia chakula cha mchana. Wengi wa hao hawatasema kamwe "nina neno". Ni wadogo, wako mbali na kwao, na ujira wao hupelekwa kwa mjomba au shangazi ambaye huenda hawamwoni mwaka mzima. Basi mama wa nyumba na amwite yeye mwenyewe, kama alivyoitwa Musa, amketishe, amtajie kwa kinywa chake: ujira wako ni kadha, umepelekwa kwa fulani siku fulani, na huu hapa uliobaki, je, una neno?

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowajibu watu wakanyamaza wasiridhike. Tuwezeshe kuwalipa walio hai, na kuwalipa warithi wa waliokwisha kufa. Amin.

Wabillahi taufiki.